Dawati la Nyali

Kama nawe umefika mahali pa kula ukiwa umeyapa madirisha mgongo, na watoto nyumbani wamejifunza kukuuliza kabla ya kuwasha taa, haya nimekuandikia wewe. Sina ujuzi wa daktari, na sitakueleza jicho limeumbwaje. Nitakwambia yaliyonipata, nawe uchukue yatakayokufaa.

Kwanza unijue. Naitwa Mwanaisha, mwalimu wa Gredi ya Sita katika shule moja ya Likoni. Nakaa Timbwani na mume wangu Salim, binti yetu Saumu, na mama yangu, ambaye alihamia kwetu baada ya baba kufariki na tangu hapo ndiye anayeamua nyumba ile ipike nini. Mama husema nilizaliwa na haraka. Sipendi foleni, sipendi kungoja chai ipoe, na mwanafunzi akichelewa kujibu huwa nimeshajibu mwenyewe. Ugonjwa unaotaka mtu akae gizani atulie ukamwacha kila mtu Likoni, ukanichagua mimi. Mungu ana mambo yake.

Ulianza wakati wa kaskazi, muhula wa kwanza ndio kwanza umefunguliwa, na joto lile linaloifanya chaki iteleze mkononi. Jicho la kushoto liliamka jekundu. Kwetu jicho jekundu si habari. Kila mwaka hupita darasani dawati kwa dawati, likaisha. Mama alichemsha chai ya rangi, akaiacha ipoe, akaniosha nayo.

"Hilo jito limepigwa," alisema. "Umesifiwa mno siku ya wazazi. Watu wana mato, mwanangu."

"Mama, ni vumbi tu."

"Vumbi halichagui jito moja."

Kuhusu vumbi alisema kweli. Wekundu haukuisha, na nyuma yake ukaja uchungu wa ndani, chini ya nyusi, kama wa jino lililooza. Kisha mwangaza wenyewe ukaanza kuuma. Nakuomba, ukifika hapo, wacha chai, wacha maji ya waridi, wacha matone aliyobakiza jirani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, na nilichokipoteza sijarudishiwa.

Darasa langu lina madirisha upande mmoja, yanayotazama uwanja wa mchanga mweupe, na mlango upande wa pili. Darini mna taa mbili za tyubu, moja nzima na moja inayopepesa tangu nije shule ile. Miaka yote hiyo nilikuwa nazipita bila kuzitazama. Sasa kila asubuhi nilijua ziko wapi hata nikiwa nimefumba macho. Mchanga ulirusha jua ndani, ile taa mbovu ikanidunga kidogokidogo, na ubao nao ukang'aa. Ubao ule ulikuwa fahari yetu. Kabla ya shule kufunguliwa kamati ya wazazi ilikarabati darasa, na kwa kuwa ilibaki rangi nyeusi ya mafuta waliyopaka geti, wakaona ni dhambi kuitupa, wakaupaka ubao. Uling'aa kama sufuria ya harusi. Kila mgeni aliletwa auone, na hapana aliyetoka bila kuusifu.

Nikaanza kufundisha nimefumba jicho moja. Wanafunzi wakadhani nawakonyeza, wakawa wananikonyeza nao.

Salim ndiye aliyenipeleka ng'ambo kwa daktari. Siku hiyo sikuweza kufungua macho yote mawili, maana la kulia lilikuwa limeanza kumlilia mwenzake. Nilijifunika mtandio mpaka puani, Salim akanishika kiwiko, tukateremka na umati kuelekea feri. Tulipokuwa katikati ya maji, mwanamke mmoja alikikunjua kiganja changu akakitia sarafu.

"Pokea, mama. Mungu akufungulie," akasema, akaenda zake.

Salim alipandwa na hasira. "Amemwona mke wangu ni wa kuomba?"

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, machozi yakanichoma, nikajikuta nalia kwelikweli katikati ya watu. Hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Umati mzima ulikuwa umeniona kipofu, na hapana hata mmoja aliyeshangaa.

Chumba cha kungojea daktari wa macho hakifanani na vingine. Watu hawatazamani. Kila mmoja ameinamisha kichwa, kitambaa mkononi, dawa ya kupanua mboni ikifanya kazi yake. Ukutani kulikuwa na televisheni kubwa ikiwaka kwa nguvu zake zote mbele ya watu wasioweza kuitazama. Niliinuka nikaomba izimwe. Nikaambiwa rimoti anayo mtu aliyekwenda kula. Nikakaa. Nikainuka tena, nikaenda mlangoni, jua likanirudisha. Mzee mmoja, kanzu yake imepigwa pasi kama ya Idi, alihama kiti chake cha pembeni bila kuombwa. "Keti hapa, bibi, pana kivuli," alisema. "Langu limeshazoea." Jina lake sikulijua, lakini kila nilipokwenda kliniki ile baadaye, kiti hicho ndicho nilichokitafuta.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alinitazama kwa ile mashine yake, na huo mwangaza wake ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Nilishika ukingo wa meza nisimpige teke. Alisema ni uvimbe wa ndani ya jicho. Aliuliza nimekaa nao tangu lini, nikamwambia.

"Hili tutalipigania, mwalimu," akasema. "Lakini usichezee dawa. Ukiziacha, litakwenda na kuona kwako."

"Na kazi? Nafundisha."

"Kwa sasa usifundishe. Mwangaza ujiepushe nao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka litulie."

Nilipewa matone ya kila saa, matone mengine ya mboni, na vidonge vyeupe vidogo. Vyote nilivivumilia. Lile neno "mpaka litulie" ndilo lililonishinda, kwa sababu halina tarehe.

Sijui vidonge kwako vitafanya nini. Mimi vilinijaza uso. Mashavu yalipanda mpaka nikawa nayaona mwenyewe nikitazama sahani, na jirani mmoja akanipongeza kwamba ndoa imenikubali. Tena vilinipa nguvu zisizo na kazi. Nilipanga kabati za jikoni, nikazipangua. Nilifua mapazia yaliyokuwa masafi. Nilikwenda kutoka mlango wa mbele hadi wa uani na kurudi, mpaka mama akaanza kusoma dua kwa sauti.

"Wanitia kizunguzungu, mwanangu. Keti."

"Nimeketi tangu asubuhi."

"Wallahi hujaketi hata nukta ya kumeza mate."

Salim alitoa balbu za ukumbini, akabakiza ya jikoni na ya kibarazani. Mwanzoni yalikuwa mapenzi. Baadaye akawa anarudi kutoka ghala la mizigo anakofanya kazi Changamwe, anakula upesi, anakwenda kwa jirani kutazama mpira, kwa kuwa kwake ni giza. Saumu akahamishia kazi zake za shule barazani. Kisha ikaingia Ramadhani. Daktari alikuwa amenikataza kufunga, vidonge vilitaka chakula. Nilikula jikoni mchana, mlango nimeushindika, natafuna polepole nisisikike, na mtoto wangu amefunga huko nje. Mama ndiye aliyeniletea sahani na hakulitaja jambo lile kwa mtu. Ikifika magharibi, tulipokaa mkekani kufuturu, aliniwekea tende mbele yangu pamoja na wengine, kama nami nimeshinda na njaa. Niliona haya, nikamshukuru, yote kwa pamoja.

Jioni moja Salim aliingia akitafuta ufunguo, akasahau, akawasha taa ya kibarazani iliyotazamana nami. Nilimpigia ukelele, na maneno yaliyofuata sitayaandika. Akaizima. Akasimama pale pale gizani.

"Mimi humu ndani nikae wapi?" akauliza. "Niambie tu, Mwanaisha. Nikae wapi?"

Aliupata ufunguo kwa kupapasa, akatoka. Ukiwa na ugonjwa huu, mwonee huruma na anayekaa nawe. Mimi hilo nililijua, na bado sikuweza.

Muhula wa pili daktari aliniruhusu kurudi kazini, kwa sharti la miwani nyeusi na kivuli. Jicho lilikuwa limepoa kidogo lakini limeacha ukungu, kana kwamba mtu amelitilia maji ya wali. Mwalimu mkuu wetu ni Bi Mutheu, mwenyeji wa Ukambani, mtu wa haki asiyependa maneno mengi. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya nyumbani, halafu akasema, "Nimeshapata wa kulishika darasa lako. Wewe nimekuwekea nafasi stoo ya vitabu. Kuna baridi, na haina dirisha."

Stoo ile twaijua sote. Aliyekuwa huko kabla yangu aliingia na nywele nyeusi, akatoka siku ya kustaafu. Mimi niwekwe na vitabu vilivyofungwa kamba, nisikie watoto kwa mbali?

"Nipe darasa langu," nikasema.

"Na macho?"

"Macho ni yangu. Nipe darasa."

Aliitazama kalenda yake. "Mpaka likizo fupi ya katikati ya muhula," akasema. "Siku ya mwisho kabla yake nitakuja nijionee. Ukiweza, baki. Usipoweza, Mwanaisha, sitabishana nawe tena."

Siku ya pili nilikwenda shule na kanga zangu na misumari. Nikaziba madirisha yote. Pea moja nilinunuliwa na mama mwanzo wa ugonjwa, yenye jina SUBIRA HUVUTA HERI, nadhani alikusudia kunipiga kijembe. Darasa likawa giza la rangi ya chungwa, na mimi kwa mara ya kwanza tangu kaskazi nikapumua. Nilifundisha asubuhi nzima nimesimama. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nimepona.

Watoto ndio walioanza kuugua, kwa namna yao. Wengine walisinzia kabla ya saa ya chai. Wengine waliinamia vitabu mpaka pua zikagusa karatasi. Neema, binti mrefu anayekaa nyuma upande wa mlango, mwepesi wa hesabu za kichwa kuliko darasa zima, alininakilia nane zote kuwa tatu. Nilipowapa jaribio, nusu yao walianguka. Jina la kanga tu ndilo walilolisoma bila taabu, kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake. Nilitazama yale makaratasi, nikatazama kanga zangu, nikayaweka makaratasi mfukoni.

Baba yake Neema akaja. Ni dereva wa malori, mtu wa Bara, na alisimama mlangoni kofia mkononi.

"Madam, mimi sina shida na mtu," alisema. "Lakini huyu mtoto anasema darasa iko giza. Sasa atasoma aje?"

Nikavua miwani nimwoneshe. Alilitazama lile jicho, akarudi nyuma kidogo.

"Pole, mwalimu. Pole sana." Akaigeuzageuza kofia yake. "Lakini mtoto bado ni wangu."

Ningependa kumchukia, ikashindikana. Nikaziondoa kanga za nyuma, mwangaza ukanipiga. Nikazirudisha. Nikaziondoa za mbele. Kila wingu lilipopita nilikuwa juu ya kiti nikitundika au nikitundua, mpaka misumari ikalegea ukutani, na Fatuma, kiranja wa darasa, akawa anauliza kabla sijafungua kinywa, "Mwalimu, twafunga au twafungua?" Likizo fupi ilikuwa yaja. Niliiona kila mahali: kalendani, machoni mwa Bi Mutheu, hata kwenye funguo za stoo zilizotundikwa nyuma ya mlango wake.

Masika yalinihurumia. Ilinyesha siku nyingi mfululizo, mbingu zikawa za kijivu, nikazikunja kanga nikafundisha na miwani yangu tu. Kama ugonjwa wako ni wa mwangaza, ipende mvua. Wenzako watalalamikia tope, wewe utasimama dirishani ukiitazama kama mtu aliyetembelewa na ndugu.

Asubuhi moja mvua ilikatika somo likiwa katikati. Jua likatoka ghafla juu ya uwanja uliojaa maji, na uwanja wote ukawaka. Sikuwahi hata kuzifikia kanga. Nilimpa chaki msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri aendelee kuandika zoezi, nami nikakimbilia nyuma, upande wa mlango, mbali kabisa na madirisha, nikijua huko ndiko kwenye kivuli. Nikajibanza kando ya Neema. Nikavuta pumzi, nikainua uso kutazama ubao.

Ulinichoma mpaka kisogoni. Hapakuwa na ubao. Palikuwa na dirisha jeupe limesimama ukutani mahali pa ubao, na mkono wa yule msichana ukiandika juu ya mwangaza mtupu. Niliinamisha kichwa mpaka uchungu upungue, kisha nikamwambia Neema, kwa sauti ya chini, "Nisomee mstari wa pili."

Aliusoma bila kusita. Lakini nilikuwa karibu naye, nikaona macho yake hayakwenda mbele. Yalivuka njia yakatua kwenye kitabu cha Fatuma, safu ya katikati.

"Mbona husomi ubaoni?"

Neema alinitazama kama niliyemuuliza mbona hatazami jua. "Huku ni Nyali, mwalimu."

Darasa zima likacheka.

"Nyali vipi?"

"Kwa matajiri, kuna mataa hata mchana," akasema mwingine, wakacheka tena. Fatuma ndiye aliyenionea huruma akanieleza. "Wa huko hawaoni, mwalimu. Ubao wawametea machoni. Sisi wa kati twaona, wao hunakili kwetu. Na Neema hutwambia majibu ya hesabu."

"Na siku ya mtihani, mkikaa mbalimbali?"

Hapo kicheko kikaisha. Neema alikuwa anachora kwa kidole juu ya dawati. "Siku ya mtihani twabahatisha," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ubao mpya."

Tangu ubao mpya. Kabla ya jicho langu, kabla ya kanga, kabla ya sarafu ya ferini. Nilipoyafungua madirisha, watoto wa Nyali hawakuona. Nilipoyafunga, wa kati nao hawakuweza kuona, na kwa hiyo hapakuwa na wa kunakili kwake. Nilikaa pale hasira zimenijaa, na sikujua nimkasirikie nani, maana waliopaka rangi ile walipaka kwa mapenzi. Jicho lilikuwa latiririka machozi. Nikaliacha litiririke. Mtu mwenye macho mazima angekaa pale, akakunja uso kidogo, akainuka akaenda zake.

Nilikwenda kwa Bi Mutheu na tope miguuni. Nikamweleza.

"Ubao ule ni zawadi ya wazazi," alisema. "Nimwambie nini mwenyekiti wao? Kwamba zawadi yake ni mbaya?"

"Njoo uketi kwenye dawati lile."

"Nitakuja siku niliyosema." Akaendelea kuandika. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuinua kichwa, "Jumamosi lango huwa wazi kwa ajili ya wafagizi. Mimi huwa sipo."

Sisi tuliosoma shule za zamani twajua ubao ulivyotunzwa. Kila mwanzo wa muhula tulitwanga makaa na majani ya muhogo, tukausugua ubao, ukakauka mweusi usio na mng'aro wowote. Ijumaa ile nilimngojea Salim kibarazani. Tangu Ramadhani nilikuwa nampigia kelele au namnyamazia. Sasa nilimwomba. Nilimwambia habari ya Nyali toka mwanzo, naye akanisikiliza amesimama na viatu vyake. Asubuhi alikuwa na msasa mkubwa na shati bovu.

Mama alitwanga majani kwenye kinu akinung'unika muda wote. "Kisamvu kizuri hiki," alisema. "Ningekitia nazi. Wampa ubao!" Saumu alileta makaa, akajipaka na yeye.

Salim aliusugua ule mng'aro mpaka vumbi jeusi likamjaa masikioni. Nami nilifuata nyuma yake na kitambaa na dawa yetu ya kijani na nyeusi, nimevaa miwani, nimefunga madirisha nusu. Akapanda juu ya meza akaing'oa ile taa inayopepesa. Kisha tukazikata kanga, tukazitundika nusu ya chini tu ya madirisha, mng'aro wa mchanga usipite, na juu kubaki wazi. Kanga ya mama nayo ikakatwa, SUBIRA ikaenda dirisha la mbele na HERI dirisha la nyuma. Ubao ulipokauka nikashika chaki.

"Mtu akae nyuma aniambie," nikasema.

"Nikae wapi?" akauliza Salim.

Tulitazamana. Nilijua amekumbuka, naye alijua nimekumbuka.

"Hapo," nikamwambia. "Dawati la Neema. Keti hapo, mume wangu."

Alijikunja, magoti hayakuingia, akakaa upande. Niliandika jina la Saumu, kisha lake, kisha la mama. Aliyasoma yote matatu, moja baada ya jingine, bila kukunja uso. Siku ile jioni hakwenda kwa jirani.

Kusi ilipoanza kuvuma nilirudi kwa daktari. Vidonge vilikuwa vinapunguzwa kidogokidogo na mashavu yangu yalianza kurudi mahali pake. Alinisimamisha mbele ya ule ubao wa herufi. La kulia lilisoma mpaka chini. La kushoto likafika mstari wa tatu likagoma. Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa kuinamisha kichwa.

"Liache, mwalimu," alisema. "Uvimbe umetulia, alhamdulillahi. Lakini kuona kwake kutaishia hapo."

Nilisema ahsante. Nikatoka nikakaa kwenye kiti cha pembeni, kile cha yule mzee, nikalia, safari hii bila kucheka. Kisha nikainuka maana kesho yake ilikuwa siku ya Bi Mutheu.

Alikuja baada ya mapumziko ya chai. Jua lilikuwa kali kama la kaskazi, hakuna hata wingu la kunisaidia. Aliingia, akaamkiwa, akapita moja kwa moja hadi nyuma upande wa mlango akamwambia Neema ampishe. Alikaa. Akatazama ubao kwa muda mrefu. Akahama akakaa dawati la pili, na la tatu. Kisha akanipungia mkono.

"Njoo wewe uketi hapa," alisema. "Neema, nenda mbele. Andika chochote unachotaka, mwalimu wako akisome kutoka hapa."

Niliketi. Nilivua miwani. Sijui shetani gani alinipanda, lakini nililifunika jicho la kulia kwa kiganja. Nilitaka kujua kwa lile bovu. Neema alichukua chaki, akatugeuzia mgongo, akaandika polepole, kwa herufi kubwa kuliko alizozoea. Alipomaliza akasimama kando.

Neno la kwanza lilinitokea upesi. "Mwalimu," nikasoma. La pili lilikuwa ndani ya ukungu, likanijia herufi kwa herufi. "Asipelekwe." La tatu nililiona vizuri kabisa. Nililiona, nikashusha kiganja, nikamtazama Neema. Hapana mtu aliyewaambia watoto wale. Lakini ni shule gani watoto hawajui kila kitu?

"Malizia, mwalimu," akasema Bi Mutheu.

"Stoo," nikasema.

Hapana aliyecheka. Bi Mutheu aliinuka, akajikung'uta gauni.

"Neema amekosea mahali popote?" akaniuliza.

"Hajakosea."

"Basi endelea na somo," akasema, akatoka, akauacha mlango wazi nyuma yake.

Mwangaza wa nje ukaingia mpaka miguuni pangu. Fatuma alikuwa ameshainuka kwenda kuufunga, kama walivyozoea wote tangu nirudi. Nikamwambia aketi. Jicho liliuma kidogo. Nikaliacha liume, nikaenda mbele, nikachukua chaki mkononi mwa Neema.